Watu transjenda waandikwe kwenye sheria, na pasiachwe hata pahali pamoja

Tarehe 12 mwezi wa nane 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret ilitoa hukumu ambayo mi naona ilifaa izungumzwe kila baraza hapa Mombasa, lakini kwetu ilipita siku mbili tatu watu wakarudi kwa bei ya unga na siasa za 2027. Kesi yenyewe ilikuwa ya mwanamke transjenda, yani mtu aliyezaliwa akaandikwa mwanamume lakini nafsi yake anaijua ni ya mwanamke na ndo anavoishi. 2019 alishikwa akashtakiwa kwamba anajifanya mtu ambaye siye, akawekwa rumande ya wanawake, akavuliwa nguo akakaguliwa, kisha akapelekwa kupimwa, damu, homoni, mpaka sehemu za siri, eti ijulikane ni nani, na ridhaa yake hakuna aliyeitaka. Jaji Reuben Nyakundi akasema hapo utu wake na faragha yake vimevunjwa, akaamuru alipwe shilingi milioni 1.

Ila kilichonifanya nikae niandike si hiyo milioni. Ni pale jaji alipoigeukia serikali akaiambia ipeleke Bungeni sheria ya kulinda haki za watu transjenda, ama irekebishe ule mswada wa watu huntha, wale wanaozaliwa na maumbile ambayo si ya kiume moja kwa moja wala ya kike, ili na hawa waingie humo. Hukumu nyingi zinaishia kwa yule aliyeshtaki, analipwa anaenda zake nyumbani, hii ilisema wazi kwamba kasoro ni sheria yenyewe haipo. Na hicho ndo watu transjenda wa Kenya wanachokidai miaka nenda miaka rudi: sheria ya kuzuia ubaguzi inayowataja wao bila kuficha, kazini, kwenye nyumba za kupanga, hospitali, shule, kituo cha polisi, isiwe eti sehemu fulani tutaiongea baadae.

Mi ni wakala wa pesa za simu, kibanda changu kiko upande wa Bombolulu, na kutwa nzima kazi yangu ni kuangalia vitambulisho. Kuna mteja wangu mmoja, dada wa hina na piko, mtu wa kazi safi sana, na heshima yake huwezi kuitoa kasoro. Laini yake ina jina la kiume. Kitambulisho chake kwenye jinsia pameandikwa mwanamume, picha ni ya kijana wa miaka kumi na nane kanyolewa kipara, na anayesimama mbele ya dirisha langu ni mwanamke kavaa dera na mtandio. Mimi namjua kwa hivo hatuna shida. Lakini kuna siku alikuja kutoa pesa nyingi kidogo, malipo ya harusi, akanikuta nimekaa nyuma nahesabu na kijana aliyekuwa akinisaidia dirishani alikuwa mgeni wa kazi. Kijana akakitazama kile kipande, akamtazama yeye, akakitazama tena, kisha akasema kwa sauti, "Dada, hiki kipande si chako."

Basi foleni ikaanza. Mmoja akasema ameiba simu ya mtu huyu, mwengine akasema aitwe polisi, mzee mmoja akamwambia atoe mtandio watu wamuone vizuri. Wa Mombasa mnajua, neno mwizi likishatamkwa barabarani kulirudisha ni kazi, watu wanakusanyika hata wasiojua nini kimeibiwa. Yule dada mkono ulikuwa unatetemeka mpaka simu ikamponyoka ikaanguka, akawa anasema kwa sauti ndogo tu, "Mamangu, nipe kitambulisho changu niende, pesa nitakuja kuzitoa siku nyengine." Nikatoka nje nikasimama baina yake na wale watu nikawaambia huyu ni mteja wangu, namba yake naijua, pesa ni zake, na asiyekuwa na shughuli hapa aondoke. Wakatawanyika, lakini wanaondoka huku wanatusi, na matusi yenyewe siyaandiki hapa.

Sasa hilo ni kwa wakala tena wakala anayemjua. Mtu huyo huyo lazima aende benki, aende kujiandikisha hospitali, apeleke vyeti kwenye intaviu, asimame foleni ya kupiga kura, na kila pahali pana mtu mwengine wa kukitazama kipande na kumtazama yeye. Jina unaweza kulibadilisha, kuna hati ya kubadilisha jina unaandikiwa na wakili na linatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, lakini pale kwenye jinsia hakuna sheria iliyokaa ikaeleza mtu transjenda afuate njia gani. Kwa hivo unabaki na jina jipya na alama ya zamani, na maswali yanazidi badala ya kupungua.

Audrey Mbugua ndo alikuwa wa kwanza wengi wetu kumsikia kwa jina na sura. Yeye alienda kortini kwa sababu ya vyeti vya shule, manake cheti kina jina la mvulana na anayeomba kazi ni mwanamke, mwajiri gani atakuita. Mwezi wa kumi 2014 Mahakama Kuu, Jaji Weldon Korir, ikaliamuru Baraza la Mitihani limbadilishie cheti liweke jina lake jipya na ile alama ya jinsia itoke, kwani alama za mtihani zinatokana na majibu ya mtihani na wala hazihusiani na jinsia ya mtu. Mwaka huo huo mahakama ikaiambia bodi ya mashirika iandikishe shirika lake, Transgender Education and Advocacy, ambalo lilikuwa linazungushwa. Nilifurahi sana wakati ule, nikadhani mlango umefunguka. Lakini ukweli ni kwamba mlango ulifunguka kwa Audrey. Aliyefuata ilibidi aanze upya, atafute wakili wake, alipe au aombe wa bure, asubiri miaka yake.

Na kusubiri kwenyewe hakuna mchezo. Huyu wa Eldoret alishikwa 2019 akapata haki 2025. Lile shirika la haki za mashoga na wasagaji la NGLHRC lilitaka tu kuandikishwa, yani jina liwe kwenye daftari la serikali, Mahakama Kuu ikakubali 2015, Mahakama ya Rufaa ikakubali 2019, Mahakama ya Juu ikamaliza tarehe 24 mwezi wa pili 2023, majaji watatu wakakubali wawili wakakataa. Muongo mzima karibu uishe kwa kuandikisha jina. Sasa mpangaji aliyefungiwa chumba jioni ya leo na godoro lake liko nje atasubiri muongo?

Niseme la nyumba kwa kirefu kidogo manake hapa ndo naona watu wanaumia zaidi na ndo hapasemwi. Mombasa wengi wetu tumepanga nyumba za Kiswahili, vyumba huku na huku, ukumbi katikati, uani choo na bafu vya pamoja. Mwenye nyumba akija kukodisha anauliza unafanya kazi wapi, una familia, anachukua pesa, anakupa ufunguo. Yule dada wa hina alikaa chumba kimoja huko Majengo muda mrefu bila tatizo, kodi hachelewi, akifagia ukumbi wote siku ya zamu yake na isiyokuwa yake. Kisha akaja mpangaji mpya aliyemjua kwao zamani, akawaambia wengine kwamba huyu mnayeoga naye bafu moja ni mwanamume. Ndani ya wiki hiyo mwenye nyumba alikuwa ameweka kufuli lake juu ya kufuli la dada, kubwa, ile ya shaba, na ndani kulikuwa na mtungi wake wa gesi, nguo zake, na visanduku vya piko na mikoba ya kazi ya wateja wa harusi wa Jumamosi. Deni la kodi hakuwa nalo hata senti. Alipouliza kosa lake ni nini akaambiwa wewe unajua.

Akaenda wapi? Kituo cha polisi aliogopa, na ana haki ya kuogopa ukishasoma kilichompata huyu wa Eldoret. Sheria yetu ya zamani ya kodi za nyumba ina baraza la kusikiza kesi za wapangaji lakini inalinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, chumba kimoja cha Majengo siku hizi ni zaidi ya hapo, na hata ungekuwa ndani ya kiwango hakuna kipengele kinachomwambia mwenye nyumba kwamba kumtoa mtu kwa sababu ni transjenda ni ubaguzi. Ikabidi wazee wawili wa mtaa, Mungu awape heri, wakaongee na mwenye nyumba akafungua vyombo vikatolewa. Chumba hakurudishiwa. Yani haki yake ilitegemea kama mtaani kuna wazee wenye huruma, na mtaa usiokuwa nao je?

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hawa watu si wageni kwetu. Nani asiyejua kwamba harusi zetu za pwani wao ndo wanatupamba, wanachora hina, wanashona gauni la bibi harusi, wanapanga chumba cha biharusi, wanasimama na sufuria za pilau usiku kucha? Tunawaita, tunawabembeleza wasituangushe, picha tunapiga nao. Jumatatu yake yule yule anatafuta chumba na sisi sisi tunasema hapana. Mi siwezi kulikubali hilo. Mkono ulioshika mguu wa binti yangu ukamchorea hina, ninyamaze vipi nikisikia umenyimwa pahali pa kulala?

Sasa kuna watu wananiambia, lakini Katiba si ipo. Ipo. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa msingi wowote, kisha kinataja baadhi, rangi, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, afya, kabila, umri, ulemavu, dini, mavazi, lugha, kuzaliwa na mengineyo, na kinasema hata mtu binafsi asimbague mwenzake, si serikali peke yake. Na hiyo hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2023 ilisema orodha hiyo haijafungwa, kwamba neno likiwa halimo haimaanishi mtu halindwi. Hukumu hiyo ilikuwa muhimu sana na ilileta vurugu yake, hapa Mombasa watu waliandamana mwaka huo, na huko Bungeni kukawa na mswada wa mheshimiwa Peter Kaluma wa kulinda familia, ambao unaenda upande wa pili kabisa, unataka kuongeza adhabu kwa mapenzi ya jinsia moja. Kwa hivo msingi wa Katiba upo lakini Katiba ni ya kwenda nayo Mahakama Kuu, na Mahakama Kuu ni wakili na ni miaka. Sheria ya kawaida ndo inayomfikia mwenye nyumba, ofisa wa kuajiri, sajenti wa zamu.

Angalieni Sheria ya Ajira ya 2007 inavofanya kazi. Kifungu chake cha 5 kinataja makundi, na mojawapo ni hali ya VVU. Mtu akishtaki kwamba amebaguliwa kwa moja ya sababu zilizotajwa basi mwajiri ndo anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua, mzigo uko kwake. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavosikika, kwani maskini hana barua wala rekodi za ofisi, mwajiri ndo anazo zote. Wenye VVU waliandikwa mle kwa sababu walipigana waandikwe. Walemavu wana sheria yao. Ukabila una Sheria ya Utangamano ya 2008. Ukitafuta mtu transjenda kwenye hizo zote hutamuona, neno jinsia lipo lakini litasomwa vipi inategemea jaji uliyempata siku hiyo.

Naambiwa pia, subirini, watu bado hawajawa tayari, anzeni na kidogo. Hili la kuanza na kidogo ndo nataka niliseme kwa nguvu, manake wenzetu wa Marekani walilijaribu na tunajua lilivowatoka.

New York kulikuwa na mwanamke transjenda anaitwa Sylvia Rivera, mmoja wa waanzilishi wa harakati zao toka miaka ya Stonewall, ile baa ambayo polisi waliivamia 1969 na wateja wakapambana nao. Kwa miaka mingi alikuwa akiwaambia viongozi wa mashoga wa jimbo hilo kwamba mswada wenu wa kuzuia ubaguzi utuweke na sisi, na mpaka alipokuwa mgonjwa wa kufa alikuwa bado analidai hilo. Alifariki mwezi wa pili 2002. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo huo sheria ikapita, ya mwelekeo wa kimapenzi peke yake, watu transjenda hawamo. Wakaambiwa tutarudi kuwachukua. Iliwachukua mpaka mwezi wa kwanza 2019 ndo sheria yao ikapita. Miaka 16! Mtoto aliyezaliwa siku sheria ya kwanza inapita alishakuwa kidato cha tatu huko.

2007 kwenye Bunge lao la kitaifa ikawa vile vile. Kulikuwa na mswada wa kuzuia ubaguzi kazini, mbunge Barney Frank aliyeuleta akaona ukiwa na watu transjenda kura hazitoshi, akawatoa. Ukapita bunge la chini mwezi wa kumi na moja kwa kura 235 dhidi ya 184. Halafu? Halafu haukuwahi kuwa sheria. Waliwatosa wenzao baharini ili jahazi lifike na jahazi halikufika.

Massachusetts nako, hapa ndo pananigusa kwa sababu ya lile bafu la Majengo. 2011 walipitisha sheria ya kulinda watu transjenda kazini, kwenye nyumba, shule na mikopo, ikaanza kazi mwezi wa saba 2012, lakini waliacha nje sehemu za umma: hoteli, maduka, mabasi, vyoo. Waliiacha kwa makusudi ili mswada upite. Maana yake mwanamke transjenda alikuwa akilindwa ndani ya ofisi, akitoka kwenda kula mchana mwenye hoteli anaweza kumfukuza. 2016 ndo wakaiongeza hiyo sehemu, wapinzani wakaipeleka kura ya maoni 2018 wakipiga kampeni ya vyoo tu, vyoo vyoo vyoo, na wananchi wakaibakisha sheria, zaidi kidogo ya theluthi mbili. Watu wa kawaida walishaishi na sheria hiyo miaka miwili wakaona hakuna balaa lililokuja.

Na kuna Aimee Stephens wa Michigan, alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya mazishi, 2013 akamwandikia mwajiri wake kumweleza kwamba ataanza kuja kazini kama mwanamke, akafutwa. Kesi ikapanda mpaka mahakama ya juu ya nchi yao, na tarehe 15 mwezi wa sita 2020 majaji sita kwa watatu wakasema kumfuta mtu kwa kuwa transjenda ni ubaguzi wa jinsia na sheria ya 1964 inakataza. Alikuwa ameshafariki, mwezi mmoja kabla. Alishinda kesi ambayo hakuwahi kusomewa. Miaka saba ya mtu aliyefutwa kazi, na figo zake zilikuwa zimeharibika, hiyo ndo bei ya kuachia majaji kazi ya wabunge.

Ndo maana mswada wa watu huntha unanitia wasiwasi na matumaini kwa pamoja. Huntha wamepiga hatua Kenya ambayo inafaa isifiwe. Sensa ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza, wakapatikana watu 1,524, na mi naamini kuna wengi ambao familia ziliwaficha. Sheria ya Watoto ya 2022 ikamtaja mtoto huntha. Unaona jambo linavokwenda: walihesabiwa, wakaandikwa, sasa wana mswada. Jaji wa Eldoret alisema hata njia hiyo inaweza kutumika kwa watu transjenda. Lakini nimeshaanza kusikia maneno yale yale ya New York, kwamba tusiuchafue mswada wa huntha, hao wamezaliwa hivo, hawa wengine tutawatafutia wao baadae. Nawaelewa watetezi wa huntha wanaoogopa, wamefanya kazi miaka na watoto wao wanafanyiwa upasuaji wasioutaka, mambo yao ni ya haraka kweli. Kama itaonekana afadhali ziwe sheria mbili mi sina neno, mradi hiyo ya pili iletwe wakati mmoja na iwe na tarehe. Kisichokubalika ni ahadi bila karatasi.

Halafu la dini, manake najua nyinyi mnaonisoma wengi ni wa huku na mtaniuliza. Mimi ni Muislamu, nimesoma chuo nikiwa mdogo, naswali na nafunga. Vitabu vyetu vya mirathi vina mlango mzima wa huntha, wanavyuoni walikaa wakapiga hesabu ya fungu lake la urithi kwa uangalifu, hawakusema mtu huyu hayupo. Mtu transjenda ni suala jengine na masheikh wengi wana msimamo wao mkali, sitojifanya hawana. Lakini sheria ninayoiongelea haimwambii sheikh abadilishe fatwa. Inamwambia mwenye nyumba asiweke kufuli kwenye chumba cha mtu aliyelipa kodi, na inamwambia daktari asimwache mgonjwa kwenye benchi. Pakistan, nchi ya Kiislamu kwa jina na kwa Katiba, ilipitisha sheria ya kulinda watu transjenda 2018, ya kazi, shule, matibabu na kukataza kuwasumbua. Mahakama yao ya Sharia 2023 ikatengua baadhi ya vifungu, hasa vile vya mtu kujiandikisha jinsia anayoijua yeye mwenyewe, na ubishi huko unaendelea, lakini hata mahakama hiyo haikusema watu hawa wanyimwe kazi wala tiba. Kwa hivo mtu asituambie kwamba ukiwa na dini lazima unyamaze jirani yako akitupiwa vyombo nje.

Kuna jambo moja la hapa hapa ambalo tulisahau kulijivunia. Mwezi wa tatu 2018 Mahakama ya Rufaa ikiwa imekaa Mombasa ilisema kuwapima watu sehemu za nyuma kwa nguvu ili kutafuta ushahidi wa ushoga ni kinyume cha Katiba. Kesi ilianzia Ukunda, vijana wawili walishikwa 2015. Mahakama Kuu hapa ilikuwa imewakatalia 2016, rufaa ikageuza. Nikiiweka karibu na hii ya Eldoret naona ni jambo lile lile, serikali kumvua mtu nguo ili isome mwili wake kama karatasi, na mara mbili majaji wameikataza. Lakini tazameni, baina ya hukumu ya Mombasa na yule mwanamke kuvuliwa rumande ni mwaka mmoja tu, 2018 na 2019. Askari jela hasomi hukumu za rufaa. Anafuata kanuni za kazi, na kanuni zinatoka kwa sheria.

Sasa wanaopigania hii sheria wanataka nini hasa, kwa maneno ya kawaida? Nimeongea na baadhi yao hapa Mombasa na nawaandikia nlivoelewa mimi. Wanataka neno la utambulisho wa jinsia liingie kwenye orodha ya misingi ya ubaguzi uliokatazwa, lisiachwe kwa kukisia. Wanataka iguse kazi, nyumba, elimu, hospitali, huduma za pesa, usafiri na sehemu za umma zote kwa pamoja. Wanataka njia ya kubadilisha alama ya jinsia kwenye kitambulisho, pasipoti na cheti cha kuzaliwa ambayo iko wazi na haimlazimishi mtu kufanyiwa upasuaji asioumudu au asioutaka. Wanataka mtu akishikwa asivuliwe nguo kwa ajili ya kutazamwa, na akiwekwa seli aulizwe wapi atakuwa salama. Na wanataka pahali pa kupeleka malalamiko pasipokuwa Mahakama Kuu, pa karibu, pa bure, penye uwezo wa kutoza faini. Hakuna hata moja hapo ambalo linampunguzia mtu mwengine chochote, nimelitafuta sijaliona.

Mi ningeongeza la mawakala, kwamba tupewe maelekezo rasmi, kuwa jina na picha vikipishana na sura ya mtu kuna njia ya kumhakikisha kimya kimya kwa namba ya siri na maswali, si kumtangazia foleni. Ni jambo dogo na halihitaji hata Bunge.

Bunge lenyewe haliwezi kupitisha sheria bila kusikiza wananchi, Kifungu cha 118 kinalazimisha, na Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi lake Bungeni, huhitaji kuwa wakili wala kuwa na cheo. Miswada ya aina hii ikitangazwa wanaopinga wanaandika kwa mamia, wanajipanga misikitini na makanisani, wanakodi basi. Wanaounga mkono wanakaa kimya kwa kuogopa majirani. Nawaelewa wanaoogopa kwa sababu ya usalama wao, na mtu transjenda mwenyewe simwambii ajitokeze. Nasema na sisi wengine, wenye vibanda, walimu, manesi, mabibi harusi mliopambwa, ambao jina letu likionekana kwenye barua hakuna atakayetuwekea kufuli. Barua ni ukurasa mmoja, unaandika wewe ni nani, unakaa wapi, umeona nini kwa macho yako, na unataka kipengele gani kiwemo, unampelekea Karani wa Bunge na nakala unampa mbunge wako ofisini kwake huku huku mtaani.

Yangu nshaianza kuiandika, na cha kwanza nilichoweka ni nyumba za kupanga, pamoja na choo na bafu vyake.